Shinikizo Ndani ya Fuvu: Maswali Yenu Kuhusu Upasuaji

*Mwanangu wa miezi mitano amewekewa mpira wa kutoa maji kichwani hadi tumboni. Utatolewa lini, daktari? (Mama, Kayole)*

Kwa kawaida hautolewi, mama, ingawa anapokua huenda ukabadilishwa. Swali ambalo ningependa uniulize ni jinsi ya kutambua kwamba umeziba, kwa maana karibu nusu ya mipira wanayowekewa watoto huharibika ndani ya miaka miwili. Akianza kutapika au kusinzia kupita kawaida, utosi ukivimba hali ametulia, au macho yakielekea chini, mfikishe siku hiyo hiyo kwa daktari wa upasuaji wa ubongo, bila kupitia duka la dawa. Homa pia usiipuuze, kwa kuwa mpira hushika maambukizi, hasa miezi ya kwanza.

*Nasikia kuna upasuaji usiotumia mpira. Mbona hatukuambiwa? (Baba, Githurai)*

Upo. Daktari huingiza kamera nyembamba na kutoboa njia mpya ya maji ndani ya ubongo, na kwa watoto wachanga huchoma pia tishu zinazotengeneza maji hayo. Kuunganishwa kwa hatua hizo mbili kuliendelezwa na daktari wa upasuaji wa ubongo Benjamin Warf huko Mbale, Uganda, miaka ya 2000, kwa ajili ya watoto wanaoishi mbali na hospitali ambao mpira ukiziba hawafikishwi kwa wakati. Haimfai kila mtoto. Umri na chanzo cha maji ndivyo huamua. Jaribio la watoto 100 nchini Uganda, lililochapishwa mwaka 2017, halikuona tofauti kubwa ya ukuaji wa akili kati ya waliowekewa mpira na waliofanyiwa upasuaji huu wa kamera baada ya miezi 12. Hata hivyo, hakuna upasuaji unaorudisha ubongo uliokwisha kuharibika, na bado naletewa vijitabu vya kliniki ambamo uzito umejazwa kila mwezi na mzunguko wa kichwa, ambao ukikua upesi huashiria maji yanajaa, haukuandikwa hata mara moja. Wazazi, daini kipimo hicho. Kinahitaji utepe tu.

*Dawa za presha haziwezi kushusha shinikizo la ndani ya fuvu? (Msomaji, Donholm)*

Haziwezi, na nimelijibu hili mara nyingi mno: kushusha ovyo presha ya damu ya mgonjwa mwenye shinikizo hilo kwaweza kuunyima ubongo damu.

*Kaka yangu alianguka na bodaboda, wakamtoa kipande cha fuvu. Atarudi alivyokuwa? (Dada, Kawangware)*

Pole sana. Ubongo uliovimba hauna pa kwenda, kwa hiyo fuvu hufunguliwa ili upate nafasi. Katika jaribio la RESCUEicp la mwaka 2016, ambalo wagonjwa wake shinikizo lao lilikuwa limeshinda dawa, vifo katika miezi sita vilikuwa takriban asilimia 27 kwa waliofunguliwa fuvu na asilimia 49 kwa waliotibiwa kwa dawa, lakini waliofunguliwa walibaki kwa wingi zaidi bila kujitambua au wakitegemea wenzao kwa kila jambo. Kwa hiyo waulizeni madaktari wake waziwazi wanatarajia nini. Asilalie upande usio na mfupa mpaka fuvu lizibwe. Nawe abiria, kofia isiyofungwa kidevuni haikukingi.

*Nina miaka 27, naumwa kichwa na macho hufifia. Nimeambiwa ni shinikizo ndani ya fuvu lisilosababishwa na uvimbe. Nifanyiwe upasuaji mara moja? (Msomaji, Eastleigh)*

Si lazima. Kama uzito umezidi, kuupunguza pamoja na asetazolamaidi, dawa inayopunguza maji ya ubongo, ndiyo tiba ya kwanza. Mpira, kufunguliwa kwa utando unaozunguka neva ya jicho au kupanuliwa kwa mshipa wa damu kichwani huja uoni unapokuwa hatarini. Kapimwe macho wiki hii, pamoja na upana wa kuona, na yakizidi kufifia ghafla nenda hospitali usiku huo huo. Tafadhali msinitumie picha za CT kwa simu.