Kiongozi Asiyeonekana: Namna ya Kutengeneza Kipindi Chako cha Makumbusho ya Ajabu

Mpenzi wa podikasti za makumbusho ya ajabu, yaani tamthilia za sauti ambamo kiongozi wa makumbusho ya kubuni humtembeza msikilizaji, akishamaliza misimu yote na kurudia vile vipindi anavyovijua kwa moyo, hubaki na kiu. Dawa yake ni kujenga chumba chake mwenyewe, yaani kipindi chake. Katika tamthilia zote za sauti, hii ndiyo nyepesi kuanza nayo: haitaki waigizaji kumi. Inataka sauti moja, kitu kimoja kilichowekwa kwenye kabati la kioo, nyayo za mgeni na mlango. Ila wepesi huo una mtego, kwa sababu sauti ikiwa moja tu, kosa lake halina mwenzake wa kulifunika.

Mtindo wenyewe umetoka kwenye makumbusho ya kweli. Mwaka 1952 Stedelijk Museum ya Amsterdam iliwapa wageni vifaa vya kusikiliza maelezo kwa mawimbi ya redio huku wakitembea ukumbini. Watunzi wa podikasti waliuchukua mpangilio huo jinsi ulivyo: namba ya kitu, maelezo mafupi, historia, tahadhari, kisha "tafadhali endelea mbele". Msikilizaji hahadithiwi. Yeye ndiye mgeni, na kiongozi anasema naye sikioni.

Ndiyo maana kosa la kwanza la waandishi wa Kiswahili ni kufungua kwa "Paukwa!" Inavutia, tumekua nayo, lakini paukwa humpa msikilizaji ruhusa ya kutoamini, anajua kinachofuata ni cha sungura na fisi. Kiongozi wa makumbusho lazima azungumze kama mtu anayesoma daftari la mali. (Ukitaka, iweke "pakawa" akiba mpaka kipindi cha nne, iitikwe na ukumbi mtupu bila mtu kuianzisha.)

Ajabu hukaa kwenye vipimo. Kiongozi akisema "kisanduku cha kutisha chenye nguvu za giza", hakuna anayeshtuka. Linganisha na hiki:

"Namba 47. Kisanduku cha mvule, sentimita 31 kwa 22, bawaba za shaba. Kililetwa mwaka 1931 na nahodha wa jahazi, ambaye alikataa malipo. Kifuniko hakifunguki. Kisanduku hupimwa uzito kila mwezi. Mwezi uliopita kilikuwa kilo 4 na gramu 200. Mwezi huu, kilo 4 na gramu 900. Tafadhali usikiegemee. Bado hajala."

Tazama neno la mwisho. Hapo ndipo Kiswahili kinapotupa chombo ambacho lugha nyingi hazina. Kisanduku ni ngeli ya KI-VI: kililetwa, hakifunguki, kilikuwa. Halafu, bila kubadili sauti wala kutua, kiongozi anateleza kwenye A-WA: hajala. Silabi moja, na kitu kimekuwa na roho. Masharti ya ujanja huu ni matatu. Kwanza, uwe umetumia ngeli sahihi angalau mara nne au tano kabla ya kuteleza, sikio lizoee. Pili, usiueleze, kiongozi akiongeza "ndiyo, mgeni, kiko hai", umemwaga mchuzi. Tatu, mara moja kwa kipindi inatosha. Na uwe makini na upatanisho kwingine kote, kwa sababu ukikosea ngeli kwa bahati mbaya dakika ya tatu, msikilizaji atadhani ni dokezo na atalisubiri mpaka mwisho.

Zawadi nyingine ya lugha: "yeye" haisemi mume wala mke. Kiongozi anaweza kumtaja mlinzi wa usiku kwa misimu miwili bila kufichua ni nani, na hakuna atakayehisi kwamba amefichwa kitu.

Kabla ya kubuni, soma maandishi ya vitu vya kweli upate mizani yake. Simba wawili wa Tsavo waliouawa mwaka 1898 walikaa miaka mingi wakiwa mazulia nyumbani kwa aliyewapiga risasi, kabla ya kuuzwa kwa Field Museum ya Chicago na kuundwa upya kama simba kamili. Mjusi mkubwa (dinosaria) wa Tendaguru, mkoani Lindi, alichimbwa kati ya 1909 na 1913, mifupa ikabebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandarini. Leo amesimama Berlin, kimo cha mita 13.27. Siwa ya pembe za ndovu kutoka Pate, iliyoko Makumbusho ya Lamu, ina urefu unaozidi mita 2 na ilipulizwa kwenye sherehe za watawala. Hakuna uchawi hapo, lakini kila sentensi inasimamisha vinyweleo, kwa sababu ina mwaka, mahali na mkono wa mtu. Andika hivyo hivyo.

Vitu halisi vyenye wenyewe walio hai, viache. Ngoma takatifu ya Wapokomo, Ngadji, ilichukuliwa na Waingereza mwaka 1902 na imewekwa ghalani British Museum, wenyewe wanaidai. Kumtia jini ndani ya ngoma hiyo ili upate kipindi cha kusisimua ni utovu wa adabu, tena uandishi wa kivivu. Buni kitu chako.

Na ukibuni, jiulize swali ambalo limo ndani ya neno lenyewe. Makumbusho ni mahali pa kukumbushia. Kitu chako kinamkumbusha nani nini? Kisanduku kizito kisichofunguka ni kiinimacho tu mpaka tujue nahodha yule alitaka kusahau kitu gani.

Sasa urefu. Kwa mwendo wa kiongozi mtulivu, Kiswahili husomeka kwa maneno kama 100 hadi 110 kwa dakika, kwa kuwa maneno yetu ni marefu. Kipindi cha dakika 12, ukitoa nyayo na vituo vya kimya, kinataka maneno 1,000 hivi. Vitu vitatu vinatosha: cha kwanza cha kawaida kabisa, cha pili chenye kasoro ndogo, cha tatu ndicho kisa. Wengi huweka vitu vinane na kila kimoja kinapata sentensi sita. Hilo ni orodha ya mnada.

Kurekodi. Simu nzuri inatosha kuanzia, mradi programu ya kurekodi ihifadhi faili la WAV (sauti isiyobanwa) na mtandao uwe umezimwa. Kaa shubiri moja kutoka kwenye maikrofoni, mdomo ukielekea pembeni kidogo, ili "p" na "b" zisipasuke. Funika kuta kwa magodoro na mablanketi. Kanga peke yake ni nyepesi mno, haizuii kitu. Kabati lililojaa nguo ni studio bora kuliko sebule yenye vigae. Zima feni na friji. (Weka funguo za nyumba ndani ya friji uliyoizima, hutasahau kuiwasha.) Saa nane hadi saa kumi usiku ndio wakati wa dhahabu, kabla ya jogoo na adhana ya alfajiri. Mvua ikianza kwenye bati, acha. Kelele yake hubadilika kila sekunde na hakuna programu itakayoiondoa bila kuila sauti yako.

Vilele vya sauti viwe kati ya desibeli -12 na -6. Vikigusa 0, vilele vimekatwa, sauti imechafuka na haitengenezeki. Mwishoni rekodi dakika nzima ya ukimya wa chumba hicho hicho, usiguse kitu. Utauhitaji kuziba mapengo unapokata makosa. Ukiacha pengo tupu kabisa, sikio linaligundua mara moja, kama mtu aliyezima redio.

Vishindo vya ukumbi vitoke jikoni. Vifuu viwili vya nazi ni kwato za punda. Mchele uliomiminwa polepole juu ya sinia ni mvua dirishani. Muhogo mbichi ukivunjwa karibu na maikrofoni ni mfupa. Karatasi ya nailoni ikifinywa taratibu ni moto. Kanga iliyokung'utwa mara mbili ni mbawa, na hapo ndipo ina kazi. Nyayo zirekodiwe kwa viatu vya ngozi kwenye sakafu ya saruji; ndala zitamfanya mgeni wako aonekane anakwenda bafuni.

Kuna jambo moja la uhariri ambalo hutenganisha kipindi kinachosikilizwa na kinachoogopwa. Kiongozi yuko ndani ya kifaa sikioni mwa mgeni, kwa hiyo sauti yake iwe kavu, bila mwangwi hata kidogo. Nyayo, mlango, kikohozi cha mgeni mwingine, hivyo viko ukumbini: vipe mwangwi mrefu. Wanaoanza hutia mwangwi kila mahali wakidhani ndio "usauti wa makumbusho", na matokeo yake kila kitu kinakaa ndani ya pipa moja. Ukishika kanuni hii vipindi vitatu mfululizo, cha nne unaweza kuivunja: katikati ya sentensi ya kawaida, sauti ya kiongozi ianze kupata mwangwi, kidogo kidogo kwa sekunde kama 20. Hajasema lolote la ajabu. Ila sasa yumo ukumbini na wewe.

Audacity ni ya bure na inaweza yote haya. Kwenye kuondoa kelele, usivuke desibeli 12. Zaidi ya hapo sauti inakuwa kama inatoka chini ya maji. Sawazisha kipindi kizima kwenye LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) -16 kwa stereo, yenye njia mbili, kushoto na kulia, au -19 kwa mono, yenye njia moja, ndivyo podikasti nyingi zilivyo, msikilizaji asilazimike kupandisha sauti. Ukisema "tazama kushoto kwako", hakikisha kitu kinasikika kushoto. Kasoro hii ni ya kawaida ajabu, husababishwa na hedifoni iliyovaliwa kinyume wakati wa kuhariri.

Kwa wasikilizaji wetu, bando ni hoja. MP3 ya mono ya kilobiti 64 kwa sekunde hula karibu nusu megabaiti kwa dakika, kwa hiyo dakika 12 ni chini ya megabaiti 6 na inapita WhatsApp bila shida. Stereo ya kilobiti 128 ni mara mbili yake. Kama kushoto na kulia vina maana kwenye kisa, lipa hiyo gharama. Kama havina, toa mono. Ambatanisha na maandishi ya kipindi, kwa viziwi na kwa wanaosikiliza kwenye daladala.

Ukijenga chumba ndani ya makumbusho ya podikasti uipendayo, sema waziwazi kwamba ni kazi ya shabiki, usiuze, usikate vipande vya sauti yao, na usiigize sauti ya mwigizaji wao kwa programu za kunakili sauti. Soma kwanza ukurasa wa waumbaji. Baadhi yao hueleza wanachokiruhusu.

Kabla ya kutoa, mpe mtu anayeosha vyombo asikilize bila kumwambia ni nini. Usimuulize kama amekipenda. Angalia tu kama amefunga bomba, na ni kwenye sentensi gani.