Tiba Kazi kwa Mama Asiye na Kazi

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Mama yangu ana umri wa miaka 61. Miezi mitatu iliyopita alipata kiharusi kilichomlegeza upande wote wa kulia. Sasa anatembea kwa mkongojo na presha yake imetulia kwa dawa, lakini hafanyi lolote: tunamvisha, tunamlisha, tunamwogesha. Juzi nilimpa kitana, akakishika, akakitazama, kisha akakipeleka mdomoni kama anayetaka kupiga mswaki. Wadogo zangu wanasema akili imemtoka. Hospitalini tumeelekezwa tumpeleke kwenye tiba kazi, lakini mama hajawahi kuajiriwa; maisha yake yote amepika vitumbua na kuviuza barazani. Tiba hiyo itamfaa nini? (Binti, Pangani)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jina hili limewapoteza wengi. Kazi inayotajwa hapa si ajira, bali ni kila shughuli inayoijaza siku ya mtu: kuoga, kuvaa, kutawadha, kupika, kwenda msibani, na kwa mama yako, kuuza vitumbua. Wengine watampima nguvu za mguu. Mtaalamu wa tiba kazi atauliza mguu huo utamfikishaje chooni usiku, ikiwa choo kipo uani na ni cha kuchuchumaa.

Katika uainishaji wake wa mwaka 2001, Shirika la Afya Duniani lilitenganisha hitilafu ya mwili, ugumu wa kutenda, na kukwama kwa ushiriki wa mtu katika maisha ya wenzake, likasisitiza kwamba mazingira yanaweza kupunguza au kuzidisha yote hayo. Kwa mama yako, mkono uliolegea ni hitilafu. Kushindwa kukoroga unga ni ugumu wa kutenda. Na kutoonekana tena barazani, ambako wateja walikuwa wakimjulia hali kila alfajiri, ndiko kukwama kwenyewe. Dawa ya presha ni ya lazima wala asiikatishe, lakini haitamrudisha barazani.

Sasa kitana. Upande wa kulia wa mwili huongozwa na nusu ya kushoto ya ubongo, na kwa watu wengi nusu hiyo ndiyo pia inayobeba usemi na mpangilio wa matendo tuliyojifunza tangu utotoni. Jicho linakiona kitana na vidole vinakishika, ila ile njia ya kutoka kwenye kitu hadi kwenye tendo lake imevurugika. Hilo si wazimu, wala hajawa mtoto. Usimcheke na usimsomeshe kwa maneno mengi, kwa sababu maneno humchanganya zaidi. Mkalishe mahali alipozoea kuchania nywele, weka kitana peke yake mbele yake, shika mkono wake ndani ya wako, mwanze pamoja, kisha uuachie taratibu unapohisi kwamba tendo limemrudia.

Hii ndiyo sababu vitumbua vyake vina thamani katika matibabu. Mtu anaweza kukunja na kukunjua vidole vizuri mbele ya daktari, kisha ashindwe kupika, kwa kuwa kupika kuna mambo ambayo kipimo cha misuli hakiyaoni: kukumbuka kuloweka mchele tangu usiku, kujua hamira huja lini, kukisia tui, kusubiri unga uumuke, kumimina, kugeuza kabla hakijaungua, na kurudisha chenji. Mtaalamu akimtazama mama yako akifanya hayo hata kwa robo saa, ataona uzi unakatikia wapi. Tahadhari moja tu: kiharusi huweza kuondoa hisia ya joto mkononi, kwa hiyo mkono wa kulia usikaribie chuma cha vitumbua hadi upimwe. Aanze kwa kukoroga unga akiwa ameketi, bakuli likiwa juu ya kitambaa kibichi ili lisiteleze, na mpini wa mwiko ukiwa umezungushiwa mpira wa ndani wa baiskeli ili ushikike kwa urahisi. Kukuna nazi kuacheni kwanza, kwani mbuzi inataka mtu akae chini na mikono yote miwili.

Kuna jambo ambalo hukuliandika, nami nalitaja kwa sababu wagonjwa wengi hulinyamazia kwa aibu. Mkono wa kulia ndio wetu wa kula, na wa kushoto ndio wa kujisafishia. Ukilegea wa kulia, mtu hujikuta akitegemea mkono mmoja kwa yote mawili, na nimewaona wazee waliopunguza kula kwa sababu hiyo tu, huku jamaa wakidhani ni ugonjwa. Mwenye udhuru hana lawama. Mpatieni kijiko chake, na msalani mwekeeni kopo lenye mpini pamoja na sabuni ya kunawa mahali ambapo mkono wa kushoto unafika bila kujipinda. Kwa choo cha kuchuchumaa, fundi yeyote wa mtaani anaweza kutengeneza kiti imara chenye tundu katikati, na kupigilia mti wa kushikia ukutani, upande wa kushoto ulio na nguvu. Mkongojo nao ushikwe kwa mkono huohuo.

Katika kuvaa, mkono uliolegea huingizwa kwanza kwenye nguo na hutolewa mwisho. Dera pana litamrahisishia. Msimnyanyue kamwe kwa kuuvuta mkono huo, maana bega lisiloshikwa na misuli huteguka kwa urahisi, na maumivu yake humfanya mgonjwa akatae mazoezi yote.

La kumlisha na kumvisha nimeliacha mwisho kwa kuwa najua mnalifanya kwa mapenzi. Mara nyingi nimekuta mgonjwa amehudumiwa kiasi kwamba hata mkono wake mzima umeacha kazi. Mpeni muda. Akitumia nusu saa kuvaa, hiyo nusu saa ndiyo mazoezi yake. Fanyeni hivyo asubuhi kabla hajachoka. Akiendelea kukaa kimya, kukosa usingizi au kulia ovyo, mwelezeni daktari, kwa sababu takriban theluthi moja ya waliopata kiharusi hupatwa na sonona, nayo inatibika. Ulizieni kitengo cha utengamao, yaani cha kumsaidia mgonjwa kurudia shughuli zake, katika hospitali ya rufaa ya mkoa wenu.

SWALI: Mimi ni seremala. Msumeno wa umeme ulinikata kano na neva kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Nilishonwa, na wiki ya sita plasta ikatolewa. Tajiri wangu anasema nimepona, lakini vidole havifungi na ncha zake zina ganzi. Je, nirudi kazini? (Fundi, Malindi)

JIBU: Ndugu fundi, kilichopona ni ngozi. Kano iliyoshonwa huweza kugandamana na nyama iliyo jirani yake, ndiyo maana vidole havifungi, na kwa kawaida haistahimili kushika kwa nguvu kabla ya wiki ya 12 hivi. Neva nayo hukua takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka kifundoni hadi ncha za vidole hesabu miezi sita au zaidi. Mtaalamu wa tiba kazi atakutengenezea kibanio cha kuushikilia mkono na kukupangia mazoezi ya kidole kimoja kimoja, ambayo yakifanywa kwa pupa hukata mshono. Mwombe pia akuandikie barua inayotaja kazi unazoweza kufanya sasa, kama vile kupima, kuchora na kupiga msasa kwa mkono wa kulia, na zile usizoruhusiwa bado, msumeno ukiwa wa kwanza. Mpelekee tajiri barua hiyo. Na mpaka ganzi iishe, vidole hivyo viangalie kwa macho kila unapokuwa karibu na jiko, pasi au patasi, kwa kuwa vyenyewe havitakuonya.