Usinunue Betri Mpya, Mdogo Wangu

Juzi usiku nimeshapanda kitandani, simu ikalia. Kijana mmoja wa Wete kaniandikia: "Assalaam alaykum kaka. Baskeli yangu ya gia za umeme inamaliza betri kila siku tatu. Nimeshapata mtu Dar wa kuniletea betri mpya. Unaonaje?"

Nilikaa kitako. Angesema wiki mbili, au mwezi, ningemjibu mstari mmoja nikalala. Lakini siku tatu ni hesabu yangu mimi, naijua kama ninavyojua nambari ya nyumba yetu, na kuisikia kwa mtu mwengine ilikuwa kama kutoneshwa kidonda. Nikamwandikia neno moja: "Usinunue." Halafu nikaona neno moja halimtoshi. Ndiyo haya.

Najua nyinyi mnaonisoma mna ndoto ile ile niliyonayo. Kutoka Mjini alfajiri, kugusa Nungwi, kushuka mpaka Makunduchi, na magharibi ikukute umeshaoga. Kwa hivyo sina haja ya kueleza kwa nini mtu wa kisiwani, kwenye chumvi na umeme wa kukatikakatika, anataka baskeli ambayo gia zake zinataka kuchajiwa. Tunajuana.

Yangu niliipata Paje kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao na hakutaka kulipia mzigo wa ndege. Gia zake ni za umeme za kampuni ya Shimano, aina ya Ultegra Di2, gia 11 nyuma, betri imejificha ndani ya bomba la siti. Ukibonyeza kitufe unasikia "zii", mota inasukuma, cheni imeshahama. Mgeni aliniachia maneno mawili tu: chaji kila baada ya kilomita 1000, na mvua usiiogope. Nikayashika yote mawili kama aya.

Mwaka ule tukapanga watu wanne tukaizunguke Pemba. Mfumo huu una kisanduku chini ya usukani chenye taa. Ukibonyeza kitufe cha gia ukakishikilia kidogo, taa inakuambia hali ya betri: kijani iliyotulia ni nzuri, kijani inayometa imebaki nusu, nyekundu iliyotulia imebaki robo, nyekundu inayometa tafuta chaja. Siku ya safari yangu ilimeta kijani. Nikapiga hesabu kichwani: nusu ya kilomita 1000 ni 500, na Pemba yote kutoka kusini hadi kaskazini haifiki 70. Chaja nikaiacha juu ya kabati. Tena niliiacha kwa kibri, maana mwenzetu wa Fuoni alishaniuliza mbele ya watu: "Na hiyo baskeli ya kuchaji, jenereta unabeba wewe au tukubebee?"

Tukapanda meli ya usiku Malindi. Vijana wa mizigo wakazichukua baskeli wakazifunga kamba sitahani, yangu ikabanwa baina ya ukingo wa chuma na magunia ya vitunguu. Upepo wa kusi, maji yanaruka mpaka juu. Mimi nililala usingizi mzuri sana, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Asubuhi Mkoani nabonyeza, kimya. Nashikilia kitufe, hakuna kijani, hakuna nyekundu. Nikakanyaga pedeli mara moja, cheni ikaporomoka "kwaa" mpaka kwenye duara dogo kabisa la nyuma. Mbele meno 50, nyuma 11. Anayejua baskeli hapa ameshashika kichwa. Asiyejua, nikuambie tu kwamba hiyo ni gia ya kuteremkia, na Pemba si Unguja. Kutoka Mkoani mpaka Chake hujamaliza mlima mmoja ushaanza mwengine.

Wenzangu, wenye gia zao za waya za miaka ishirini, wakanipita. Yule wa Fuoni hakusema kitu. Alipiga kengele tu. Nilijaribu kuishusha cheni ya mbele kwa mkono ikae kwenye duara dogo, lakini mkono wa gia umegandia pale pale na ukairudisha. Watoto waliotoka chuoni wakanifuata, mmoja akaniuliza, "Yakhe, baskeli hiyo wasukuma wapeleka kuuza?" Mzee mmoja aliyeanika karafuu kwenye majamvi kando ya barabara akanionea huruma, akaniita nikae, akanikatia dafu. Akaitazama ile baskeli, akanitazama mimi, akasema, "Nzuri. Bei gani?" Nikamdanganya.

Chake niliingia kila duka la simu. Chaja za simu zimejaa, ila ile ya gia ina kichwa chake peke yake na haikuwepo. Kwa hivyo Pemba nimeizunguka, ndiyo, juu ya daladala.

Sasa, kilichotokea ni nini? Kitufe cha mkono wa kulia kilikuwa kimebanwa na ule ukingo wa chuma usiku kucha. Gia iliamriwa kuhama, ikahama mpaka mwisho, ikasimama. Lakini amri haikukoma, kwa hivyo mfumo haukulala. Gia hizi ukiziacha zinalala zenyewe, na zikilala hazili chochote cha maana. Kitufe kilichobanwa ni sawa na mtoto anayekuita "baba, baba, baba" usiku kucha: huinuki, lakini na kulala hulali. Na cheni haikuhama palepale kwa sababu baskeli ilikuwa imesimama. Ilingoja nikanyage pedeli ndipo inianikie aibu yangu.

Ningejua hilo siku ile ile, hadithi ingekwishia bandarini. Sikujua. Nimerudi Unguja baskeli imejaa chumvi, nikaipeleka wanakoosha magari wakaipiga maji ya presha kila pembe. Nikaichaji, ikajaa. Siku ya tatu imekwisha. Nikachaji tena, siku ya tatu imekwisha. Na wala sijaiendesha! Imesimama ukumbini.

Nikafanya kama anavyotaka kufanya kijana wa Wete. Nikampigia muuzaji mmoja, nikamweleza, naye bila ya kuuliza hata swali moja akasema, "Betri imekufa hiyo." Alisema kwa uhakika wa daktari. Nikatuma pesa, zaidi ya nusu ya mshahara wangu. Betri ikaja, tukaitia, siku ya tatu ikaisha. Nilipompigia tena akasema labda na hii mbovu, niagize nyengine. Sijampigia tangu siku hiyo, na sitomtaja.

Nani kanifungua macho? Marehemu baba, na hakuwahi kuziona gia za umeme. Mtakumbuka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu Unguja nzima gizani. Nilikuwa skuli. Baba alitandika betri ya gari ukumbini, ikaendesha taa moja na redio, na kila asubuhi tukiamka imekwisha. Majirani wote wakamwambia betri ya mtumba hiyo, kakubambika nani. Baba hakununua nyengine. Usiku wa kwanza alichomoa waya wa taa, asubuhi betri imekwisha vile vile. Usiku wa pili akairudisha taa, akachomoa redio, na asubuhi betri ina nguvu. Kumbe redio, hata ukiizima kwa kitufe, kuna kitu ndani kinaendelea kunywa. Tangu hapo ikawa inachomolewa kila usiku, na ile betri ya mtumba tulikaa nayo mpaka umeme uliporudi.

Nikafanya vivyo hivyo. Nikachaji mpaka ikajaa, nikachomoa waya wa gia ya mbele, nikaiacha. Siku ya tatu imekwisha, kwa hivyo si yeye. Nikachaji, nikairudisha ya mbele, nikachomoa ya nyuma. Siku ya tatu taa kijani imetulia. Ya tano, kijani. Wiki nzima, kijani! Nilimwita mke wangu aje aone. Akaja, akaona, akasema kumbe taa yenyewe ndogo hivi, akarudi jikoni.

Mwivi alikuwa kwenye kichwa cha waya kinachoingia gia ya nyuma. Nilipokivuta kilikuwa na ukoga wa kijani, na unyevu ndani. Waya za mfumo huu ni nyuzi mbili tu, hizo hizo zinapitisha umeme na hizo hizo zinapitisha maagizo. Maji ya chumvi yakikaa baina yao, umeme unavuja kidogo kidogo, na mfumo unasikia kelele ambazo si amri wala si kimya. Betri yenyewe ni miliampia-saa 500, yaani ukiivuta miliampia 500 inakaa saa moja. Kitu kikivuta miliampia 7 tu bila ya kukoma, saa 71 imekwisha. Gawanya kwa 24. Siku tatu!

Dawa ilikuwa spiriti ya duka la dawa, kitambaa, siku moja ya kukausha, waya mpya mmoja, na grisi kidogo kwenye kichwa kabla ya kukisukuma mpaka kilie "tik". Waya ule ukiulinganisha na betri ni pesa ya urojo. Vichwa hivi vina kifaa chake kidogo cha plastiki cha kuvitolea. Usitumie bisibisi, nimeshavunja kimoja. Na tundu linalobaki wazi lizibe.

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu. Kwanza angalia vitufe vyako vinalala wapi. Baskeli imeegemezwa wapi, kuna gunia, kuna mtungi wa gesi, kuna ukuta? Pili, maji. Maji ya presha usipeleke karibu na vichwa vya waya, hasa kama baskeli imevuka bahari. Ifute kwa kitambaa na maji baridi ya kawaida. Tatu, rudi tena kwenye vitufe, maana najua hukuangalia. Nne ni skrubu za ukomo za gia ya nyuma, zile zinazozuia cheni isitoke nje. Ukizikaza kupita kiasi mota inasukuma kitu kisichosogea na haiachi kusukuma. Nilifanya hivyo mwenyewe baada ya kuanguka Tunguu, betri ikawa inakwisha kwa wiki. Nusu mzunguko wa skrubu ikapona. Mwenye kompyuta ya Windows anaweza kuunganisha chaja na kutumia E-Tube Project, programu ya Shimano wenyewe, itamwambia kipande gani kina hitilafu, ingawa yangu iliniambia kila kitu kizima wakati kutu ishaota.

Wenye gia za SRAM, kampuni nyengine, zile zisizo na waya, nyinyi betri zenu zinachomoka moja moja na gia zenu zinaamshwa na mtikisiko. Ukipakia daladala au meli, zichomoe uzitie mfukoni na ufunike zinapokaa. Njiani ikikufia ya nyuma, chukua ya mbele uitie nyuma, ni aina moja. Wenye Shimano mpya za gia 12, kumbukeni vitufe vyenu vina betri zake ndogo za duara, CR1632, mbili kila upande. SRAM wao hutumia CR2032. Kuna mwenzetu wa Bububu kachaji betri kubwa mara nne, kumbe kimya kinatoka kwenye kitufe. Na betri yoyote ya aina hii usiihifadhi ikiwa imekwisha kabisa. Ukienda safari miezi miwili iache na nusu, mahali pasipo na joto.

Lakini haya yote si kitu kama tabia haijabadilika. Tumekuwa watu wa kununua kabla ya kuuliza. Friji haipozi, friji mpya. Simu inapata moto, simu mpya. Fundi akikuambia "nipe siku mbili niitazame" unamwona hajui kazi, na muuzaji asiyetazama chochote unamwona bingwa. Mimi nilikuwa wa kwanza katika hao, nilitoa pesa za ada ya mtoto nikampa mtu aliyenijibu kwa sekunde tano. Vijana, kaeni na kitu chenu usiku mmoja. Chomoa kimoja, lala, amka utazame. Ni kazi ya kuchosha na haina picha ya kutuma kwa watu, najua. Ndiyo maana hamuifanyi.

Ile betri ya zamani, ninayoambiwa ilikufa, ndiyo iliyomo kwenye baskeli hivi sasa. Naichaji baada ya mwezi na nusu. Ile mpya imo kabatini, imejaa nusu, pembeni ya chaja, na yule bwana wa Fuoni, ambaye mwaka jana kanunua gia za umeme bila ya kumwambia mtu, keshaniuliza mara mbili kama naiuza. Nitamuuzia. Bei nitakayomtajia ni ile ya kengele.

Kijana wa Wete, haya yote nimekutumia juzi usiku kwa sauti, dakika kumi na moja. Alama za buluu nimeziona. Jibu bado.