Roboti ya kufagia kugoma kwenye zulia jeusi
Umeuliza kama uongeze hela upate roboti yenye Pa kubwa (paskali, kipimo cha nguvu ya kuvuta vumbi) ili isigome kwenye zulia jeusi. Hapana, usiongeze, roboti kukataa kupanda zulia jeusi haihusiani kabisa na nguvu ya kuvuta vumbi. Shida ni zile sensa (vitambuzi) za chini, pembeni mwa tumbo lake, zinapiga mwanga wa infraredi sakafuni na kusubiri urudi, sasa rangi nyeusi inaumeza ule mwanga, haurudi, roboti inadhani hapo ni shimo au ngazi inageuza zake. Nimeliona hili sebuleni kwangu, zulia letu jeusi lina maua meupe, basi ilikuwa inapita kwenye maua tu, ikigusa weusi inarudi nyuma mbio. Nikabandika vipande vya karatasi nyeupe kwa selotepu juu ya zile sensa, ikafagia zulia lote siku hiyohiyo. Ila tafadhali sana kama nyumba ni ya ghorofa usifanye hivyo, umeshaiziba macho, itaporomoka kwenye ngazi. Kama una ngazi na zulia jeusi pamoja basi kabla hujalipa muombe muuzaji aiwashe juu ya kitambaa cheusi uone mwenyewe, maana zingine zinavumilia weusi zingine hazitaki hata kidogo. Na hiyo laida ya juu (kifaa cha leza cha kupima umbali) anayokusifia muuzaji ni nzuri kweli, inachora ramani vizuri na inafanya kazi hata gizani, ila yenyewe haiangalii chini.