Kura yako juu ya mkataba mpya wa marubani

Mwanangu,

Umeniuliza upige kura ya ndiyo au ya hapana kwa mkataba ambao viongozi wa chama chenu wameafikiana na kampuni. Ule muhtasari wenye nyongeza ya "asilimia 12" kwa wino mzito uweke kando, ufungue mkataba wenyewe.

Anza na saa za uhakika, zile unazolipwa kila mwezi hata usipopangiwa safari. Malipo ya saa yakipanda kwa asilimia 12 huku saa hizo zikishuka kutoka 75 hadi 70, mshahara wako wa chini umepanda kwa asilimia 4.5 tu. Tazama pia tarehe ya kuanza. Kama mkataba wa zamani uliisha miaka miwili iliyopita na huu hauna malimbikizo, miaka hiyo imekwenda bure. Bonasi ya kutia saini hulipwa mara moja tu. Nyongeza zijazo hazikokotolewi juu yake.

Ratiba ndiyo inayonitia shaka zaidi. Sheria za Marekani na za Ulaya huruhusu rubani kuruka hadi saa 100 ndani ya siku 28. Hicho ni kikomo cha usalama, hakuna anayeweza kuishi hivyo mwaka mzima, kwa hiyo mkataba uweke kikomo kilicho chini yake. Kwenye zamu za kusubiri kuitwa, angalia umepewa muda gani wa kufika uwanjani, na kama siku yako ya mapumziko inaweza kuhamishwa bila ridhaa yako. Ukikuta "pale inapowezekana", kifungu hicho hakimfungi mwajiri.

Kisha tafuta panaposema nani atarusha safari za kampuni. Kampuni ikiruhusiwa kukodi ndege za kampuni nyingine pamoja na marubani wao bila ukomo, safari zitahamia huko, na wewe uliye chini kwenye orodha ya ukongwe, ile inayoamua nani apandishwe kwanza, utausubiri ukapteni miaka mingi.

Kura ya hapana nayo ina gharama: mazungumzo yanaweza kuchukua miezi, mshahara ukibaki palepale, na ofa ya pili si lazima iwe bora. Tena haina nguvu kila mtu akikataa kwa sababu yake, maana wajumbe wa chama wanaojadiliana na kampuni hawatajua warudi kudai nini.

Mimi ningevumilia pesa pungufu kidogo, kwa kuwa zitajadiliwa tena. Ukodishaji usio na ukomo ningeukataa, hata nyongeza iwe nono. Waulize wajumbe, kwa maandishi, kampuni iligoma wapi mezani na wao waliachia nini ili kuipata hiyo asilimia 12.

Mamako