Kupima unyevu kwenye baridi kali: anza na barafu, asilimia baadaye

Mimi ni fundi wa vipimo. Kazi yangu kubwa iko kwenye vyumba vya kugandishia minofu ya mbuta hapa Kisumu, na jioni mara nyingi hunijia wanafunzi wa fizikia waliopakua takwimu za vituo vya Antaktika wakiuliza mbona namba za unyevu hazipatani. Jibu huwa lile lile ninalowapa mafundi wa friza, kwa sababu tatizo ni moja, ila kule Antaktika limezidi makali.

Elewa kwanza jinsi mvuke wenyewe ulivyo haba. Mchana wa kawaida wa Kisumu, joto likiwa nyuzi 25 na unyevu asilimia 60, mvuke wa maji huchangia kama hektopaskali 19 za shinikizo la hewa. Hewa ya nyuzi -40, hata ikiwa imeshiba mvuke mpaka inaota jalidi, ina hektopaskali 0.13 tu. Yetu inaizidi karibu mara 150. Ncha ya Kusini wakati wa majira ya baridi, ukiukusanya mvuke wote ulio juu ya kichwa chako mpaka mwisho wa anga na kuugeuza maji, hupati kina cha milimita 1. Kwa hiyo kosa dogo ambalo Kisumu lingepita bila mtu kulitambua, kule linaweza kukimeza kipimo chote.

Sasa tuje kwenye asilimia, maana hapo ndipo wengi hupotea. Asilimia ya unyevu hulinganisha mvuke uliopo na mvuke unaotosha kuishibisha hewa. Lakini chini ya sifuri hewa ina viwango viwili vya kushiba: kimoja juu ya maji ambayo bado hayajaganda, kingine juu ya barafu. Barafu hushika molekuli zake kwa nguvu zaidi, kwa hiyo hewa iliyo juu yake hushiba kwa mvuke mchache zaidi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lina kanuni kwamba asilimia ihesabiwe kwa kiwango cha maji hata chini ya sifuri, na vifaa vingi hufuata hivyo. Ndiyo maana ndani ya chumba kilichojaa jalidi ukutani mpaka darini, kifaa kisicho na hitilafu hakitasoma 100. Kwa nyuzi -10 kitasoma 91, kwa -20 kitasoma 82, kwa -30 kitasoma 75, na kwa -40 kitasoma 68. Nimeziandika namba hizi nne ndani ya kifuniko cha sanduku langu la vifaa, na ningependa kila anayefanya kazi hii aziandike kwake.

Kijana mmoja alinijia ameshika kihisi alichokitoa kwenye chumba cha nyuzi -20. "Mzee, hiki kimekufa. Barafu iko kila mahali na kinakwama kwenye 82." Nilimwambia akirudishe mahali pake, kisha tukakitoa kile cha pili alichokiamini, kilichokuwa kikionyesha 98.

Jaribio ninalolipenda kuliko mengine halihitaji pesa. Chukua sufuria ndogo ya alumini yenye kifuniko. Pondaponda barafu ya maji safi, yasiyo na chumvi hata chembe, uitandaze chini na kuipandisha ukutani kwa ndani. Weka kihisi katikati bila kugusa barafu, pamoja na kipimajoto unachokiamini, upitishe waya kwenye tundu dogo na kuliziba. Weka sufuria mahali ambapo feni haipulizi na mlango haufunguliwi ovyo, uiache usiku kucha. Asubuhi soma joto, soma asilimia, linganisha na zile namba nne. Usiwe na haraka: kwa nyuzi -20, tofauti ya nyuzi 1 kati ya barafu na kihisi hubadilisha mvuke kwa karibu asilimia 10. Lazima vyote viwe na joto moja. Wengi hutegemea chumvi ya mezani iliyoloweshwa, ambayo huipa hewa ya chombo kilichofungwa unyevu wa asilimia 75. Njia hiyo ni nzuri sana mezani, lakini ikifika nyuzi -21 chumvi yenyewe na maji yake huganda, na mwongozo wako umeishia hapo.

Kwa friza kuna kipimo kingine cha bure, nacho ni koili ya kupozea hewa. Hewa ya chumba haiwezi kukauka kupita kiwango cha koili, kwa kuwa koili ndiyo inayounasa mvuke. Chumba kikiwa nyuzi -20 na koili ikiwa -27, asilimia kwa hesabu ya maji haishuki chini ya 41 hivi. Ukisoma 25, usimlaumu mwenye chumba. Kagua kifaa.

Kile kipimajoto cha kuvisha kitambaa chenye maji tulichofundishwa shuleni, kiache kabisa kwenye baridi kali. Sababu inaonekana kwa hesabu. Kwenye usawa wa bahari, hewa ya nyuzi 25 iliyo kavu kabisa hukishusha kipimajoto chenye kitambaa kwa zaidi ya nyuzi 16, na katika nafasi hiyo pana ndimo unamosoma unyevu kuanzia 0 hadi 100. Kwa nyuzi -20 nafasi hiyo yote imebanwa ndani ya kama nyuzi 1.5. Kwa -40 imebaki kama nyuzi 0.2. Kipimajoto chako kikikosea kwa 0.1 tu, nusu ya kipimo imekwenda. Huku kwetu nyanda za juu, Molo na Kuresoi, alfajiri za Januari zinapokaribia sifuri, bado kinafaa, ila gusa kitambaa kwa ncha ya brashi uone kama ni maji au kimeshaganda, kwa sababu hesabu zake ni mbili tofauti. Tena tumia jedwali la mwinuko wako. Majedwali mengi ya vitabuni ni ya usawa wa bahari, na Molo ina hewa nyepesi.

Kifaa ninachokiheshimu ni kioo kinachopozwa. Kioo kidogo hupozwa taratibu huku mwanga ukikipiga, na pale ukungu au jalidi inapoanza kukifunika, joto lake ndilo jibu. Hakikisii kutoka kwenye umeme wa utando wa plastiki kama vihisi vya kawaida, kinaona kitu chenyewe. Hata hivyo usisahau kuuliza kilichotanda pale ni maji au barafu. Maji yanaweza kukaa bila kuganda mpaka chini sana ya sifuri, na jalidi inayoanza kwa nyuzi -20 ni sawa na umande unaoanza kwa karibu -22. Kama kifaa kina dirisha la kuchungulia, chungulia.

Vihisi vya utando wa polima, ambavyo ndivyo vilivyo kwenye maputo mengi ya hali ya hewa, huwa vizito kujibu kadiri baridi inavyozidi. Kwenye joto hujibu mara moja, lakini karibu na nyuzi -70 huweza kuchukua dakika kadhaa, na kwa muda huo puto limeshapanda mamia ya mita. Kwa hiyo mstari laini mzuri kwenye grafu ya juu angani usikufurahishe upesi. Huenda ulaini huo ni uzito wa kihisi tu.

Jambo jingine ni sisi wenyewe. Pumzi ya mtu ina mvuke zaidi ya mara 400 ya hewa ya nyuzi -40 iliyoshiba, kwa hiyo simama upande ambao upepo unaelekea baada ya kukipita kifaa, usikiinamie kukisoma. Mirija ya plastiki hunywa unyevu wa Kisumu na kuutema polepole kwa saa nyingi. Tumia chuma cha pua, na ukishaingiza kifaa ndani kiache kikae kabla ya kuanza kuandika. Wakati wa kutoka, kifunge kwenye mfuko wa nailoni kikiwa bado huko huko ndani, ukifungue kikishapata joto. La sivyo, hewa yetu itakilowesha mara tu mlango ukifunguka, matone yatateremka mpaka kwenye viungo vya waya, na hapo umeua kihisi cha watu.

Sasa nyinyi wanafunzi. Kule Dome C, Antaktika, kwenye kituo cha Concordia cha Ufaransa na Italia, kilicho juu ya mita 3,200, vihisi vya kawaida vilionyesha hewa ikiishia pale pale inaposhiba juu ya barafu. Watafiti walipoipasha joto hewa kabla haijafika kwenye kihisi, utafiti uliotoka 2017, iligundulika kwamba mara nyingi hewa ile hupita kiwango hicho. Vifaa vya kawaida havikuweza kuliona hilo kwa sababu mvuke wa ziada ulikuwa unagandia kwenye vifaa vyenyewe. Kwa hiyo ukiona safu ndefu ya namba zilizonyooka kwenye kiwango cha barafu, huo unaweza kuwa ni ukuta wa kifaa. Vilevile usitumie makadirio ya mvuke yanayotokana na mawimbi ya setilaiti za GPS kwa majira ya baridi ya pale: kosa lake la kawaida ni milimita 1 hadi 2, na kitu chenyewe unachokitafuta hakifiki 1.

Kabla hujachora chochote, geuza asilimia zote kuwa shinikizo la mvuke au kiwango cha jalidi (joto ambalo jalidi huanza kuota), na utafute kwenye maelezo ya faili kama zilihesabiwa kwa maji au kwa barafu, na kama hewa ilipashwa joto njiani. Maelezo yakikosekana, waandikie wenye kituo. Ni swali la mstari mmoja.