Sikukuu za Pwani: Kabla Hujaomba Likizo, Ujue Unafikia kwa Nani

Nimerudi Dar Jumatatu kutoka Maulidini Lamu, nguo bado zinanukia udi, nikakuta ujumbe wa msomaji: "Dada, nina siku zangu 28 za likizo. Nipangie sikukuu zote za pwani, kuanzia Unguja hadi Lamu, nisikose hata moja." Hamu hiyo naijua. Miaka sita iliyopita na mimi nilikuwa na daftari la namna hiyo, kila sherehe na tarehe yake, na daftari lile liliniumiza.

Nilianza na Mwaka Kogwa, Makunduchi, kusini mwa Unguja. Ni sherehe ya mwaka mpya wa Nairuzi, jina lenye asili ya Kiajemi, na wavuvi na wakulima wa pwani waliuhesabu kwa miongo ya siku kumi kumi ili wajue lini wapande na lini watweke. Huangukia Julai. Nilifika kwa daladala, nikasimama pembeni ya uwanja na simu mkononi. Wanaume wakachapana kwa migomba, na wenyewe wanasema hapo ndipo vinyongo vya mwaka mzima vinapoishia. Wanawake wakapita wakiimba, wamevaa nguo mpya. Kibanda cha makuti kikachomwa moto. Picha nilipata nyingi sana.

Kisha watu wakaanza kutawanyika kwenda majumbani kula. Mama mmoja akanishika mkono. "Umefikia kwa nani, mwanangu?" Nikamwambia sijafikia kwa mtu, nimekuja kutazama tu. Akasema, basi twende kwangu, chakula kipo. Nikakataa. Nilikuwa nawahi gari la mjini, kwa sababu daftari lilisema kesho yake niwe kwingine. Akaniachia mkono, uso umembadilika. Baadaye kabisa ndipo nikaambiwa kwamba siku ile mgeni nyumbani ni baraka, na mtu wa Makunduchi hapendi mwaka umwingilie hana mgeni. Mpaka leo nikikumbuka ule mkono najisikia vibaya. Ndugu msomaji, ukiitwa kula, nenda ukale. Gari la mjini litakuwepo tena.

Mwaka uliofuata nikaenda Lamu. Kwetu Tanzania Maulidi ni siku ya mapumziko, basi nikaunganisha na likizo, nikavuka mpaka wa Horohoro, nikapanda basi Mombasa mpaka Mokowe, gati ya kuvukia kwenda Lamu, nikashuka kwenye boti tarehe 12 Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Mji umetulia. Ile shughuli niliyoifuata, ya Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Swaleh, huwa mwishoni mwa mwezi. Nilikuwa nimetangulia karibu wiki mbili, na likizo yangu ilikuwa ya siku tano. Nililia kwenye ngazi za gati. Bibi mmoja wa Langoni aliyekuwa akiuza mahamri akaniuliza lile swali lile lile: umefikia kwa nani? Safari hii sikukataa kitu. Nililala kwake siku zote tano, nikamsaidia kuumua unga na kukuna nazi za mbaazi, na nikaondoka na namba yake ya simu. Hiyo namba ndiyo kalenda yangu mpaka leo.

Kwa nini nasema hivyo? Kalenda ya ukutani haitoshi. Mwaka wa Kiislamu unafuata mwezi na ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo Idi na Maulidi hurudi nyuma kila mwaka. Nairuzi ina siku 365 bila ile ya nyongeza ya kila miaka minne, nayo husogea polepole. Mwezi kuandama ni jambo la jicho. Anayejua siku yenyewe ni mwenye nyumba anayenunua mchele wa sinia, kwa hiyo mpigie yeye kwanza, halafu ndiyo umwandikie bosi. Wengi mnafanya kinyume.

Matamasha ya muziki ya Februari kule Mji Mkongwe na lile la utamaduni la Lamu siyaelezi hapa. Yana tarehe na matangazo, mtu yeyote atafika. Mimi nazungumzia sikukuu zinazopikwa majumbani: vunja jungu mwishoni mwa Shaabani, watu wanapokula na kutembea kabla ya kufunga, Idi ya Unguja, siku nne, watoto na nguo mpya wakidai mkono wa Idi kwa kila mkubwa. Hizi huzioni kutoka barabarani. Lazima uwe na nyumba ya kuingia.

Mwaka huu nilikuwa nayo. Nilifika Lamu siku tatu kabla ya Maulidi. Bibi alikuwa mlangoni: "Ngia, mwanangu." Jikoni tulikuwa wanawake saba, tunachambua mchele tangu alfajiri, binzari na iliki zinatwangwa, na hakuna aliyeniuliza natoka wapi kwa sababu nilikuwa na kisu mkononi kama wao. Usiku wa kilele tulikaa nje kwenye mikeka. Matwari, zile ngoma ndogo za mkononi, yakaanza taratibu, sauti za vijana zikapanda pamoja, safu zao zikiyumba huku na huku. Mrashi wa marashi ukapita juu ya vichwa vyetu. Bibi alifunga macho. Simu nilikuwa nimeiacha chumbani. Siku ya zefe, yale maandamano ya Maulidi, nilifuata umati hadi makaburini, vumbi mpaka magotini, na njiani watu watatu waliniita kwa jina langu. Najivunia hilo kuliko picha zote za Makunduchi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, sitakupangia sikukuu zote. Chagua moja. Tafuta mtu wa huko, hata kama ni mfanyakazi mwenzako au jirani, omba ufikie kwao, fika mapema, shika kazi ya jikoni, na ukiitwa kula usikatae. Sikukuu nane za kupita na gari huwezi kuzilinganisha na moja uliyochambulia mchele.

Bibi ameniagiza karafuu za Unguja. Nitazinunua Julai nikienda Makunduchi. Nimeshaomba kufikia kwa ndugu wa rafiki yangu, na nikipata njia nitamtafuta yule mama.